Helmeti ya baiskeli: kuichagua, kuifunga vizuri na kujua kama imekufa (mwongozo wa wanaoanza, Malindi)

Naandika hii manake kila Jumamosi alfajiri tukijikusanya Lamu Road kabla ya kuelekea Gede, lazima kuna mgeni amekuja na baiskeli nzuri na helmeti inaning'inia kwenye usukani. Ukimuuliza mbona hujavaa anakwambia inanibana, ama inaniangukia machoni, ama ntaivaa tukifika barabara kubwa. Na maswali ni yale yale, saizi gani, hii ya mtumba iko sawa, naivaa juu ya kofia ama niivue, mtoto wangu nimnunulie kubwa akue nayo. Nimejibu kwa mdomo mpaka basi, sasa nimeyaweka hapa, soma uende nayo dukani ukiwa na simu mkononi.

Jambo ninalotaka ulishike kabla ya lingine lolote ni kwamba helmeti iliyokaa vibaya haikukingi, hata kama umeinunua kwa pesa ya mshahara mzima. Hapa mjini naona watu wengi wamevaa lakini mkanda uko wazi, unapepea tu na upepo wa kusi. Huyo akianguka helmeti inatoka kabla kichwa hakijafika chini.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Futi ya fundi nguo, ile laini. Kama huna, uzi na rula.
- Kioo, na mtu mmoja wa kukuangalia, manake pembeni na nyuma hujioni mwenyewe.
- Tochi ya simu.
- Nywele zako zikiwa vile zitakavyokuwa ukiendesha. Kama umesuka, usipime kabla ya kusuka. Kama unavaa mtandio, njoo nao.
- Muda wa kama dakika 15 bila kuharakishwa na mwenye duka.

Ielewe kidogo tu

Ganda la nje, lile plastiki jembamba la rangi, kazi yake ni kuteleza kwenye lami na kushikilia kilichomo ndani kisitawanyike. Kinachokuokoa hasa ni lile povu gumu la ndani, kama linalokuja kwenye boksi la televisheni ama boksi la barafu la wavuvi, ila la helmeti limeshindiliwa zaidi. Ukigonga chini povu linabonyea, na ule muda mdogo wa kubonyea ndio unaopunguza kishindo kinachofika kichwani. Likishabonyea halirudi tena. Kwa hivo helmeti inafanya kazi mara moja, alafu imekufa. Zile spongi laini ni za jasho na starehe, kinga hamna hapo.

Alafu kuna kuzunguka. Ukianguka na baiskeli mara chache unagonga wima kama nazi iliyodondoka mnazini, mara nyingi unagonga kwa upande huku bado unaenda mbele, na kichwa kinazungushwa ghafla. Chukua dafu ulizungushe mara moja mkononi, ganda limeshazunguka na maji ya ndani yamebaki nyuma. Ubongo nao uko hivo hivo, na ule mvutano ndio unaoumiza. Mwanafizikia mmoja wa Oxford, Holbourn, alilieleza hili tangu 1943, lakini helmeti zilichukua miaka mingi kulifuata. Leo utaona nyingine zimeandikwa MIPS, hio ilianzishwa Stockholm na daktari wa upasuaji wa ubongo Hans von Holst pamoja na mtafiti Peter Halldin. Ni tabaka jembamba la plastiki ndani ya helmeti linaloiacha isogee milimita 10 mpaka 15 hivi wakati wa kugonga. Ukiipata kwa bei unayoiweza, chukua. Ila mimi kati ya yenye MIPS inayochezacheza kichwani na ya kawaida iliyonikaa sawasawa, nachukua ya kawaida bila kufikiria mara mbili.

Hatua zenyewe

1. Pima kichwa. Zungusha futi kwenye paji la uso, sentimita moja ama mbili juu ya nyusi, ipite juu ya masikio na pale nyuma palipotokeza zaidi. Pima mara tatu, chukua namba kubwa. Helmeti nyingi zimeandikwa ndani mfano 54-58 ama 58-62, hizo ni sentimita. Usiende kwa herufi M na L peke yake, M ya kampuni moja ni L ya nyingine. Ukiwa katikati ya saizi mbili jaribu zote, chukua ndogo kama haikuumizi.

2. Hakikisha ni ya mchezo wako. Hapa ndipo watu wanapokosea sana. Kofia ya mjengo imetengenezwa kwa kitu kinachoanguka kutoka juu, ukigonga kwa pembeni ama kisogoni haina la kukusaidia, na wengi wanaivaa bila mkanda wa kidevu. Helmeti ya boda ni nzito na ya joto, nimeona mtu ameivaa akiendesha baiskeli kwenda Kakoneni saa saba mchana mpaka akashuka akakaa chini ya mwembe akitapika kwa joto. Na wale vijana wa kaiti (ule mchezo wa kuvutwa na tiara juu ya maji) wa Mayungu na kule Mambrui, yenu ni ile ya maji, inayofunika masikio na isiyonyonya maji, usije na ya baiskeli ukaingia nayo baharini ukidhani ni kitu kimoja.

3. Tafuta stika ya ndani. Igeuze helmeti, angalia chini ya spongi ama karibu na mkanda. Unatafuta EN 1078 (ya Ulaya) ama CPSC (ya Marekani, kule ni lazima kwa helmeti za baiskeli tangu 1999). Maana yake ni kwamba imedondoshwa kwenye chuma ikiwa na kichwa cha bandia ndani, kama mita 1.5 kwa ya Ulaya na mita 2 kwa ya Marekani, na kishindo kilichofika ndani hakikuzidi kipimo. Ukipiga hesabu ni mwendo wa kama kilomita 20 kwa saa kwenda chini. Yaani imepimwa kwa mtu aliyeanguka kutoka kwenye baiskeli yake, haijapimwa kwa kugongwa na matatu ya Mombasa. Isiyo na stika yoyote, ama stika iliyobandikwa nje tu juu ya rangi na inabanduka kwa ukucha, irudishe ilipotoka.

4. Ikague, hasa kama ni ya mtumba. Hii nisikilize vizuri. Mwaka wangu wa kwanza niliteleza kwenye kona ya kuingilia Mayungu, mchanga ulikuwa umemwagika juu ya lami, gurudumu la mbele likaenda na mimi nikagonga kichwa upande wa kulia juu ya sikio. Niliinuka nikajipangusa, nikaangalia helmeti, mkwaruzo tu, nikashukuru Mungu nikaendelea. Wiki nzima baadaye ndio nikatoa spongi nizifue, nikaona mstari mwembamba kama unywele umetoka kwenye tundu la hewa mpaka ukingoni, na pembeni yake povu limebonyea kiasi cha kutosha ncha ya kidole gumba. Wiki nzima nimeendesha barabara ya Mombasa nikiwa nimevaa helmeti iliyokufa, na kwa nje ilikuwa bado inang'aa.

Kwa hivo toa spongi zote. Washa tochi, angalia povu polepole kila upande, hasa ukingoni na kwenye matundu. Ibonye taratibu kwa mikono miwili pande mbili, ukisikia inalia kama kitu kinachovunjika, iache. Angalia kama ganda limeachana na povu. Vuta mikanda, funga na kufungua klipu mara kumi. Tafuta tarehe ya kutengenezwa, nyingi ziko kwenye stika ya ndani, na kama ina zaidi ya miaka kumi usiichukue hata ukipewa bure. Mtumba mimi simkatazi mtu kwa nguo wala kwa viatu, ila helmeti ya mtumba hujui imelala kwenye jua gani na imegonga ukuta gani, na muuzaji mwenyewe hajui. Kama pesa ni ya kubana, mpya ya bei ya chini yenye stika ya kweli ni bora kuliko ya mtumba yenye jina kubwa.

5. Ivae kwanza bila kufunga mkanda. Zungusha kile kikaziaji cha nyuma mpaka ikushike. Inamisha kichwa uangalie chini, tikisa kama unakataa kitu. Ikianguka ni kubwa. Ishike kwa mikono uisukume kushoto na kulia, ngozi ya paji la uso inatakiwa isogee nayo. Kama helmeti inasogea na ngozi imebaki, kaza tena ama shuka saizi. Ikae sawa kuzunguka kote, isikubane pointi moja tu ya paji la uso, hapo umepata umbo lisilo lako na utaichukia baada ya nusu saa.

6. Vidole viwili juu ya nyusi. Weka vidole viwili vya kulala juu ya nyusi zako, ukingo wa mbele uguse cha juu. Watu wengi wanaisukuma nyuma kama kofia ya Ijumaa, paji lote liko nje, na paji ndio sehemu inayofika chini mapema ukiruka juu ya usukani. Ikae tambarare, mtu akikuangalia kwa pembeni asione imeinuka mbele wala nyuma.

7. Mikanda ya pembeni. Mkanda wa mbele na wa nyuma vikutane chini kidogo ya ncha ya chini ya sikio, vifanye kama panda ya manati. Sogeza ile plastiki ndogo mpaka ifike hapo, pande zote mbili sawa. Hatua hii inachosha na wengi wanairuka, lakini ndio inayozuia helmeti isirudi nyuma.

8. Mkanda wa kidevu. Funga, alafu ingiza kidole kimoja, kiwe kinapita kwa kubana kidogo. Piga mwayo mkubwa. Ukifungua mdomo kabisa unatakiwa usikie helmeti inavutwa chini kichwani. Kama husikii kitu, kaza.

9. Mtihani wa mwisho, usiuruke. Weka kiganja chini ya ukingo wa mbele usukume juu na nyuma kwa nguvu. Alafu mwenzako asukume kutokea nyuma kwenda mbele. Isitoke, wala isisogee zaidi ya upana wa vidole viwili hivi. Ikitoka hapo dukani ujue barabarani itatoka. Rudi hatua ya 5.

Makosa ninayoyaona kila wiki

Kumnunulia mtoto kubwa ili akue nayo. Shati sawa, kiatu sawa, helmeti hapana. Inamwangukia machoni akiwa kwenye mwendo, yaani unamletea ajali wewe mwenyewe. Na mtoto akishuka kwenye baiskeli kwenda kupanda miti ama bembea aivue, manake mkanda unaweza kunasa ukamnyonga.

Kupaka rangi na kubandika stika za gundi kali. Petroli, thina, rangi ya kupuliza, vyote hivo vinaweza kula ganda na povu bila wewe kuona. Helmeti inaoshwa kwa maji ya kawaida na sabuni ya kuogea, basi.

Kuiacha juani. Jua letu mnalijua. Ndani ya gari lililofungwa pale Silversands mchana, ama juu ya bati, gundi na povu vinachoka. Itundike ndani ya nyumba, mbali na jiko. Na sisi tulio karibu na bahari tuisuuze mikanda kwa maji ya bomba, chumvi na mchanga vinaingia kwenye klipu na kile kikaziaji.

Kujiona umekingwa. Kuna watafiti wawili Australia, Olivier na Creighton, walikusanya tafiti 40 mwaka 2017 wakapata kwamba kati ya waendesha baiskeli walioanguka ama kugongwa, waliovaa helmeti uwezekano wa kuumia vibaya kichwani ulikuwa chini kwa karibu asilimia 70. Hio ni nyingi sana, na mimi kwangu inatosha kuivaa hata kwenda dukani. Lakini sio asilimia 100, na mtikisiko wa ubongo unaweza kuupata ukiwa umeivaa. Kwa hivo breki kwanza, taa usiku, punguza mwendo kwenye mchanga na kabla ya matuta yasiyo na alama, na ukipita tuktuk zilizosimama acha nafasi.

Na yule anayesema wakali wa zamani hawakuvaa, ni kweli, hawakuvaa. Andrey Kivilev wa Kazakhstan alikufa mwezi Machi 2003 baada ya kuanguka kwenye mbio za Paris–Nice bila helmeti, na mwaka huo huo chama cha dunia cha baiskeli kikaifanya lazima.

Ukianguka ukagonga kichwa

Toka barabarani kwanza. Kama mwenzako hajitambui ama analalamika shingo, usimwinue wala usimvue helmeti, isipokuwa anashindwa kupumua. Mshike kichwa kisisogee, piga simu watu waje.

Kama anaongea na amesimama, bado safari ya leo imeisha kwake. Hapa huwa tunabishana sana, mtu anasema niko poa, twende. Mtikisiko wa ubongo hauhitaji mtu azimie, wengi hawazimii kabisa. Muulize tulitoka wapi, leo siku gani, nani alikuwa mbele. Akijibu polepole, akirudia swali lile lile, akiona nuru inamuumiza, kichwa kinamuuma, anayumba, huo ndio wenyewe. Kugonga tena kabla wa kwanza haujapona ni hatari, na kwa vijana wadogo zaidi.

Hospitali mara moja, bila kusubiri kesho, kama anatapika tena na tena, maumivu ya kichwa yanazidi, analala na kuamka kwa shida, mboni moja ya jicho ni kubwa kuliko nyingine, maji meupe ama damu inatoka puani ama sikioni, anapata kifafa, mkono ama mguu unakufa ganzi. Na mzee anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aende hata kama hana dalili yoyote.

Asiachwe peke yake siku hio na usiku wake. Kulala anaweza, ila mtu awe karibu wa kumwangalia. Siku moja ama mbili apumzike, apunguze simu, alafu arudi kidogo kidogo, matembezi kwanza, baiskeli baadaye, na dalili zikirudi arudi nyuma hatua moja.

Helmeti aliyoangukia nayo ikatwe mikanda kabla ya kutupwa, mtu mwingine asije akaiokota akaivaa.

Shida zinazorudi

*Inateleza mbele, inanifunika macho.* Mara nyingi mikanda ya nyuma imelegea. Kaza hio, alafu hatua ya 7 tena. Usiongeze spongi nene mbele ili kujaza nafasi, kama inahitaji hivo ni kubwa.

*Navaa mtandio.* Mama mmoja wa Barani aliniuliza, "Mwanangu, hii naivaa juu ya mtandio ama mtandio juu yake?" Juu ya mtandio, mama yangu. Uwe mwembamba, wa kushika kichwa, usiwe na pini juu wala kisogoni, na fundo la nywele lishuke chini ya ukingo wa helmeti. Alafu mkanda upite juu ya kitambaa, ukague tena kidole kimoja.

*Kofia je?* Kofia zetu za kushonwa kwa mkono zilizotiwa wanga ni ngumu, zinainua helmeti na kuacha nafasi. Ivue, iweke mfukoni, utaivaa ukifika.

*Nimesuka, haiingii.* Usisukume kwa nguvu. Mabutu makubwa juu ya kichwa yanaifanya ikae juu kama sufuria. Msuko wa kulala chini unakubali, na kama umebadilisha msuko, pima na kaza upya.

*Joto na kuwasha.* Spongi ni chafu. Zitoe, fua kwa mkono, anika kivulini. Chagua yenye matundu mengi mbele.

*Imedondoka kutoka mezani, imekufa?* Ikiwa tupu na imeanguka kimo cha meza, huenda iko sawa, ila ifanyie hatua ya 4 yote. Ikidondoka kutoka ghorofani, ama kitu kizito kikaikalia, usibahatishe.

*Klipu haifungi.* Ni mchanga. Iloweke kwenye maji ya uvuguvugu dakika kumi, piga na mswaki wa zamani, suuza, jaribu. Inatakiwa itoe ule mlio wa kukamata na isifunguke ukivuta. Ikibaki kimya, siku hio baiskeli ibaki nyumbani mpaka upate mkanda mpya.